Je, Wajua? Kochi Lako Limewahangaisha Wanahesabu kwa Miaka 58

Sogea hapa, ukae. Una sebule yenye umbo gumu? Ukuta mmoja umeenda upande, milango imejaa kila pembe, na kochi kila ukiliweka linaziba njia? Nina mambo ya kukuambia kuhusu sebule hiyo, na ukifika mwisho utaitazama kwa jicho jingine kabisa.

Je, wajua kwamba kupitisha kochi kwenye kona ya korido ni swali la hesabu lililochukua miaka 58 kujibiwa? Mwaka 1966 mwanahesabu Leo Moser aliuliza hivi: korido ina upana wa mita 1 na inakata kona ya mraba, kochi kubwa kuliko yote linaloweza kupita hapo kwa kusukumwa tu, bila kunyanyuliwa, lina eneo gani? Mtoto wa shule analielewa swali hilo. Jibu lilikuja mwishoni mwa 2024!

Mwaka 1968 John Hammersley alichora kochi lenye umbo kama mkono wa simu ya zamani, likafikisha mita za mraba 2.2074. Joseph Gerver akalirekebisha kingo zake, akaunganisha vipande 18 vya mistari na mikunjo, na mwaka 1992 akatoa kochi la mita za mraba 2.2195. Unajua tofauti ya makochi hayo mawili? Kipande cha sentimita 11 kwa 11. Miaka 24 ya akili kubwa, na nyongeza inaenea kwenye kiganja chako!

Kisha akaja kijana wa Korea Kusini, Jineon Baek, akatoa uthibitisho wa kurasa 119 kwamba kochi la Gerver ndilo la mwisho. Kubwa zaidi ya hapo halipiti. Kurasa 119, ndugu yangu, kwa kochi moja na kona moja!

Na je, wajua ukipanua korido kwa sentimita 20 tu, kutoka mita 1 hadi mita 1.2, kochi linaloweza kupita linakua kwa asilimia 44? Linafika karibu mita za mraba 3.2. Kama bado uko kwenye msingi pale Kihonda, Morogoro, mwite fundi leo hii, kabla hajapandisha tofali.

Ngoja, kuna la kona mbili. Dan Romik alitafuta kochi linaloweza kukata kona ya kulia na ya kushoto pia. Kubwa alilolipata lina mita za mraba 1.64 tu. Kona moja ya ziada, na zaidi ya robo ya kochi imekwenda.

Haya, tuingie ndani. Je, wajua mlango mmoja wa sentimita 90 unaofungukia sebuleni unafagia mita za mraba 0.64 za sakafu yako? Hesabu yako sasa: mlango wa mbele, wa jikoni, wa korido, wa chumba cha wageni, wa stoo. Ni mitano. Yote ikifungukia ndani, zaidi ya mita 3 za mraba zimeondoka na hapo hakikai hata kigoda. Geuza bawaba uone unavyopata nafasi bila kujenga kitu.

Seti ya makochi tuliyoizoea, la watu watatu, la wawili na mawili ya mtu mmoja mmoja, inakula karibu mita 6 za ukuta. Sebule ya mita 4 kwa 4 ina mita 16 za ukuta. Unaona zinatosha? Toa milango mitano, toa kabati la TV, toa kona ambazo makochi mawili hayawezi kukaa kwa pamoja, halafu uniambie zimebaki ngapi.

Je, wajua fundi wako wa Kihonda anatumia hesabu ya maelfu ya miaka kila anapoanza msingi? Anapima sentimita 60 upande huu, 80 upande ule, kisha anatazama kama kutoka alama hadi alama ni 100 kamili. Ikiwa ni 100, kona ni mraba. Ni ile kanuni ya 3, 4, 5 iliyojulikana Babeli kabla hata Pythagoras hajazaliwa, na leo iko kwenye uzi na misumari midogo kwenye kiwanja chako. Wewe mwenyewe unaweza kuijaribu kwa futikamba na chaki, dakika 2 umemaliza.

Na akikosea kidogo? Digrii 1 tu ya kona, kwenye ukuta wa mita 4, inakuacha na sentimita 7. Digrii 2 ni sentimita 14! Ndiyo maana lile kabati la vyombo limegusa ukuta upande mmoja na upande wa pili mkono wako unaingia. Kabati halina kosa, ni ukuta.

Sasa shika hii, maana naipenda kuliko zote. Pangaboi la inchi 56 lina kipenyo cha sentimita 142.2. Picha ya TV ya inchi 65 ina upana wa sentimita 143.9. Reli ya SGR, ile iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, ina upana wa sentimita 143.5 kati ya chuma na chuma. Vitu vitatu, na tofauti yake haifiki sentimita 2! Ukitazama juu sebuleni kwako, pangaboi linazunguka kwa upana wa njia ya treni.

Lakini usidanganyike na inchi za TV. Zinapimwa kutoka kona hadi kona, siyo upana. TV ya inchi 32 ina sentimita 81 kwa mshazari, na upana wa picha ni sentimita 71 tu. Ukiwa na kabati lenye nafasi ya sentimita 75, usiogope namba ya 32 kwenye boksi. Ila pima na fremu pia.

Je, wajua Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994? Miaka 33 baada ya uhuru! Zanzibar ilikuwa imeshaanza tangu miaka ya 1970, tena kwa rangi. Kwa hiyo sebule nyingi za wazee wetu zilipangwa bila TV kabisa: viti vilitazamana, na redio ilisikika ukiwa umekaa popote.

Halafu zikaja zile TV nene, zenye kisogo. Kisogo chake kilisinyaa kwenda nyuma, na ndiyo maana ziliingia kwenye kona vizuri kuliko mahali pengine popote. TV bapa zilipofika, kona ikaachwa wazi, lakini watu wengi bado wanaweka TV konani kwa mazoea! Tarehe 31 Desemba 2012 Tanzania ikaanza kuzima mitambo ya analojia, na king'amuzi nacho kikadai nafasi yake chini ya TV.

Ukiweka kochi la mtu mmoja kukingama kona, nyuma yake panabaki pembetatu. Kochi la mita 1 linapoteza robo ya mita ya mraba. Sasa kisia la mita 2 linapoteza kiasi gani. Nusu? Hapana! Linapoteza mita nzima ya mraba. Urefu umeongezeka mara 2, hasara mara 4. Kwa hiyo kona ukingamishie kiti kidogo, na kochi refu uliache na ukuta wake.

Na ile robo ya mita nyuma ya kiti utaitumiaje? Weka ua. Je, wajua moja ya maua ya ndani yanayopendwa zaidi duniani asili yake ni milima yetu? Saintpaulia, yale maua madogo ya zambarau yenye majani ya manyoya, yaliandikwa kwenye vitabu vya sayansi mwaka 1893 baada ya ofisa Mjerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, kuyapeleka Ulaya kutoka Usambara. Ndugu zake wa porini wanaota kwenye milima ya Uluguru pia, kwenye miamba yenye kivuli na unyevu. Madirisha ya Berlin na Chicago yamepambwa na ua ambalo jamaa zake wanaishi hapo juu unapopatazama kila asubuhi!

Chukua kamba ya mita 16. Ukiitandaza iwe chumba cha mita 6 kwa 2, unapata mita za mraba 12. Ukiifanya mraba wa 4 kwa 4, unapata 16. Ukiizungusha iwe duara, unapata zaidi ya 20! Kamba ni ileile. Wahaya wa Kagera waliojenga mushonge, na wote waliojenga nyumba za msonge, walipata sakafu kubwa kuliko zote kwa ukuta uleule. Shida ya kabati lisilokaa kwenye ukuta wa duara ilikuja na makabati.

Je, wajua nyumba uliyokulia inaweza kubadilisha macho yako? Marshall Segall na wenzake wawili, katika kitabu chao cha 1966, walionyesha watu wa jamii nyingi michoro ya kuchanganya macho, wakiwemo watu wa Ankole na Toro nchini Uganda. Kuna mchoro wa mistari miwili iliyo sawa, mmoja una vichwa vya mishale vinavyofunga na mwingine vinavyofunguka. Kwa jumla, waliokulia kwenye majumba ya pembe mraba ndio waliodanganyika zaidi! Waliona mstari mmoja ni mrefu wakati yote miwili ni sawasawa.

Nawe umedanganyika hivyohivyo. Adelbert Ames alijenga chumba kilichopinda makusudi: kona moja ya nyuma iko mbali sana kuliko nyingine, dari imeinama, sakafu ina mteremko. Ukichungulia kwa tundu dogo unaona chumba cha kawaida kabisa. Mtu akitembea kutoka kona hadi kona, anageuka jitu mbele ya macho yako! Ubongo umezoea mno vyumba vya mraba, hadi unaona heri kumkuza binadamu kuliko kukubali kwamba ukuta umepinda. Kwa hiyo ukuta wako ulioenda upande? Tundika pazia moja refu kutoka mwisho hadi mwisho. Wageni watakuapia kwamba umenyooka.

Turudi kwenye makochi. Kwenye sebule nyingi tunayapanga yote mgongo ukutani, katikati uwanja. Je, wajua mpangilio huo unakata mazungumzo? Mwishoni mwa miaka ya 1950, katika hospitali moja ya Saskatchewan, Kanada, Robert Sommer na mwenzake waliona wazee wamekaa kwenye viti vizuri vilivyopangwa kando ya kuta, kimya. Wakavitoa ukutani, wakavipanga kuzunguka meza ndogo. Baada ya wiki chache, mazungumzo yakawa karibu mara mbili. Hakuna aliyepewa dawa. Viti tu vilihamishwa.

Mwaka uleule wa 1966, mwaka wa swali la kochi, Edward Hall alitoa kitabu chake kuhusu umbali kati ya watu. Kwa Wamarekani aliowachunguza, mazungumzo ya marafiki hukaa kati ya sentimita 45 na mita 1.2, ukipita mita 3.6, mtu huanza kusema kama anahutubia. Pima kutoka kochi lako hadi la mgeni. Ni mita ngapi? Nimeona sebule za Kihonda ambazo shangazi analazimika kupaza sauti kumuuliza shemeji kama chai ina sukari.

Chumba chembamba na kirefu hakijaanza kwako. Je, wajua vyumba vya nyumba za kale za mawe Lamu na Unguja vina upana wa mita 2.5 hadi 3 hivi, hata nyumba iwe ya tajiri gani? Sababu ni boriti za mikoko. Dari ililalia juu yake, na boriti haikuvuka zaidi ya hapo. Meli zilibeba boriti kutoka Lamu na delta ya Rufiji hadi Oman na Ghuba, na huko nako vyumba vikajengwa kwa upana uleule. Mti wa Rufiji ulikata kipimo cha chumba cha mtu aliyeishi mwendo wa majuma baharini!

Na walipangaje? Viti vichache, vitu vidogo ndani ya zidaka, yaani mashimo yaliyochongwa kwenye ukuta wenyewe. Hakuna hata sentimita moja ya sakafu iliyoliwa na kabati. Nje wakajenga baraza la mawe, samani ambayo hakuna mtu amewahi kuuliza ihamie wapi. Kama ukuta wako ni mnene, mwambie fundi akuchongee kidaka kimoja. Utanishukuru.

Wewe wa Kihonda, je, wajua jirani yako tu, Mazimbu, palikuwa na kiwanda cha samani cha wapigania uhuru? Mwaka 1977 Tanzania iliwapa ANC ya Afrika Kusini shamba la zamani la mkonge, nao wakajenga pale Chuo cha Uhuru cha Solomon Mahlangu. Samani walitengeneza wenyewe, katika kiwanda kilichopewa jina la Vuyisile Mini, mwanaharakati wa wafanyakazi na mtunzi wa nyimbo aliyenyongwa na serikali ya makaburu mwaka 1964. Watu waliofukuzwa makwao walichonga madawati na vitanda hapa Morogoro wakisubiri kurudi. Mwaka 1992 wakakabidhi majengo, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Ukipita pale, punguza mwendo kidogo.

Na huo mkonge wa shamba lile? Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62. Sitini na mbili tu! Mashamba ya mkonge ya Tanganyika yakaanzia hapo, na zulia la katani miguuni pako lina ukoo wa namna hiyo.

Na mbao je? Mninga ukikatwa hutoa utomvu mwekundu kama damu. Mpingo ukitupwa majini unazama, kwani mita moja ya ujazo ina zaidi ya kilo 1,200. Mtiki unaovunwa Kilombero kwa asili ni mti wa Asia. Kwa hiyo kabla hujachagua meza ya katikati, uliza ni mbao gani, na uliza nani ataisogeza siku ya kufagia.

Vile vitambaa vya kufuma vinavyotandikwa kwenye migongo ya makochi, unadhani vimeanza wapi? Karne ya 19 wanaume wa Uingereza walipenda mafuta ya nywele ya Macassar, wakiegemea kiti kinabaki na doa. Wenye nyumba wakatandika vitambaa vya kuzuia mafuta. Mafuta yakaondoka, vitambaa vikabaki, na bibi zetu wakavifuma vizuri kupita wenyewe.

Unataka kioo cha kukuonyesha kuanzia utosini hadi kwenye vidole vya miguu? Huhitaji kioo chenye urefu wako. Nusu inatosha! Mtu wa sentimita 170 anahitaji kioo cha sentimita 85, kikitundikwa kwa kimo sahihi. Urudi nyuma, usogee mbele, nusu ni ileile.

Je, wajua jua la Morogoro lina miezi ya upande huu na miezi ya upande ule? Tuko digrii 6.8 kusini ya ikweta. Siku za mwanzo za Machi, na tena karibu na Oktoba 10, jua la mchana linasimama utosini kabisa. Mti ulionyooka hauna kivuli. Kati ya hapo, Aprili hadi Septemba, jua linapita kaskazini ya nyumba yako. Desemba linapita kusini.

Maana yake nini kwa kochi? Dirisha linalotazama kusini kamili halipigwi na jua hata kidogo kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba. Miezi 6! Na ukiwa Kihonda, upande huohuo, ukisogea kidogo mashariki, ndiko ilipo milima ya Uluguru, na kilele cha Lupanga kinapanda mita 2,138. Weka kochi la kitambaa cha rangi kali karibu na dirisha hilo: rangi haichujuki haraka, na mgeni anakunywa chai akitazama mawingu yanavyoteremka mlimani. La magharibi liachie kabati.

Siku ya shughuli, iwe harusi au msiba, makochi yote yanatolewa nje na mikeka inatandikwa. Umewahi kusimama kwenye sebule yako ikiwa tupu hivyo? Ghafla wanaingia watu 30 mahali ambapo jana watu 7 walibanana! Wajapani wamejua siri hii siku nyingi: hadi leo wanataja ukubwa wa chumba kwa idadi ya mikeka ya tatami, kila mmoja takriban mita 1.8 kwa 0.9. Sebule yako ya mita 4 kwa 4 ni ya mikeka 9 hadi 10. Ile yetu ya ukindu inawazidi kwa jambo moja: inakunjwa, inasimama nyuma ya mlango.

La mwisho, maana naona chai imeiva. Kigoda cha miguu mitatu hakiyumbi kamwe, hata kwenye sakafu ya mabonde, kwa kuwa ncha tatu daima hukaa kwenye bapa moja. Meza ya miguu minne ndiyo inayoyumba. Lakini usikimbilie kukunja karatasi! Wanahesabu wamethibitisha kwamba meza ya mraba yenye miguu iliyo sawa, kwenye sakafu isiyo na ngazi wala mabonde makali, inaweza kutulia kwa kuizungusha tu mahali pale ilipo, bila kufika hata robo ya mzunguko. Shika hiyo ya chai hapo mbele yako, izungushe polepole. Umeona?